Nimesomea kemia, na sasa naambiwa nimekuwa karani: je, nirudi maabara?

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mzaliwa wa Malindi. Nakuandikia kuhusu kazi yangu kwa sababu kila ninayemtaka shauri huwa ana jibu lake tayari kabla sijamaliza kueleza.

Nilisomea shahada ya kemia, nikaanza kazi katika maabara moja ya Mombasa iliyokuwa ikipima ubora wa maji na mafuta ya kupikia. Kazi ile niliipenda sana. Unapima asidi iliyomo kwenye mafuta kwa bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za vipimo, tone baada ya tone, rangi inabadilika, unaandika namba, na namba hiyo haina ugomvi na mtu yeyote. Baadaye nilihamia kampuni inayofanya tathmini ya hatari za kemikali kwa viwanda, mashamba na mahoteli ya Pwani. Huku sishiki tena bureti. Nasoma karatasi za taarifa za usalama, zile zenye sehemu 16 zinazotakiwa kufuatana na kila kemikali inayouzwa, nijue kemikali ina uwezo gani wa kuunguza ngozi, kudhuru mapafu, kushika moto au kulipuka. Kisha naenda mahali inapotumiwa nikaone inashikwa na nani, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na kama chumba kinapitisha hewa. Mwisho naandika ripoti inayosema kama hali ile inakubalika, inakubalika kwa masharti, au haikubaliki, na chini yake naweka saini yangu.

Mjomba wangu ndiye aliyenilipia karo tangu sekondari, baada ya baba kufariki. Kwake yeye, mkemia ni mtu wa koti jeupe. Kila Idi huniuliza mbele ya watu kama bado nafanya kazi ya makaratasi, na mwaka huu alisema waziwazi kwamba alinisomesha kemia, hakunisomesha ukarani. Sikumjibu, kwa kuwa ni mjomba na haki yake kwangu ni kubwa, lakini maneno yale yamenikaa moyoni. Ukweli ni kwamba hata mimi nikiulizwa mwaka mzima nimefanya nini, sina cha kuonyesha. Nikiifanya kazi yangu vizuri, hakuna kinachotokea.

Hivi karibuni nilitumwa kukagua stoo ya kemikali za bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya hapa Malindi. Chumba chenyewe ni kidogo, kimejengwa nyuma ya jiko, na dirisha lake limezibwa kwa mbao ili tumbili wasiingie. Sakafuni palikuwa na pipa la klorini ya chembechembe, yaani haipokloriti ya kalsiamu, kifuniko chake kimepasuka na kufunikwa kwa gunia. Juu ya pipa hilo hilo, kwenye rafu, yalipangwa madumu ya asidi ya hidrokloriki inayotumiwa kurekebisha maji ya bwawa. Dumu moja lilikuwa linavuja kidogo kidogo, na ubao uliolibeba ulikuwa umebadilika rangi na kuanza kulika. Kijana anayehudumia bwawa alikuwa akichota klorini kwa chupa ya soda iliyokatwa, na chupa hiyo hiyo ndiyo anayochotea klorini ya aina ya pili, ile ya vidonge vinavyoyeyuka polepole. Hakuwa na glovu. Nilipomuuliza hali yake aliniambia hukohoa usiku, ila amezoea.

Nasikia uliwahi kufundisha kemia, basi unajua nilichokiona. Asidi ile ikimwagikia klorini hutoa gesi ya klorini, ambayo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini katika chumba kisicho na upenyo, na huunguza macho, koo na mapafu. Hata zile klorini mbili zikichanganyika zenyewe kwa zenyewe zinaweza kuwaka au kulipuka. Niliwaomba waitoe asidi papo hapo, wakaisogeza hadi ukuta wa pili wa chumba kile kile. Ripoti yangu ilisema hali haikubaliki: ijengwe stoo ya pili, dirisha lifunguliwe na kuwekewa wavu, kila kemikali iwe na kichoteo chake, na kijana akapimwe kifua.

Mkurugenzi wangu ameniomba nibadilishe hitimisho liwe "inakubalika kwa masharti", masharti yenyewe yakiwa barakoa na mafunzo ya siku moja. Meneja wa hoteli amelalamika kwamba miaka yote hiyo hajafa mtu, na wenye hoteli ile wana hoteli nyingine ambazo kampuni yetu inatarajia kuzikagua. Mkurugenzi hakunitisha. Alinieleza kwa upole kwamba nina msimamo mkali kwa sababu nimetoka maabara, mahali ambapo kila jambo ni ndiyo au hapana. Ripoti bado iko mezani kwangu na sijaisaini.

Katikati ya haya nimepewa nafasi ya kudumu katika maabara ya kupima maji, karibu na nyumbani. Mshahara ni mdogo kidogo kuliko wa sasa, lakini mama ana kisukari na anaishi na mdogo wangu ambaye anamaliza shule, nami hukaa Mombasa na kuwaona mwisho wa wiki tu. Wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Kwa upande mwingine, kampuni yangu imeahidi kunigharimia sehemu ya shahada ya uzamili ya toksikolojia, elimu ya sumu, ambayo nimeitamani kwa muda mrefu.

Mama anasema rudi. Mjomba anasema rudi. Mwenzangu wa ofisini anasema nikiondoka sasa nitakuwa nimekimbia. Mimi usiku najiuliza: nikiisaini ripoti kama ninavyotakiwa, kijana yule akadhurika, si nitakuwa nimemdhuru mimi? Nikikataa, si atatafutwa mwingine aisaini, nami niwe nimeharibu kazi yangu bure? Na nikirudi kwenye bureti yangu, nitakuwa nimetulia au nitakuwa nimejificha?

Mkemia,
Malindi

JIBU LA MSHAURI

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma polepole, na jambo la kwanza lililonigusa ni kwamba umemtazama kijana wa bwawa hadi chupa aliyoishika, ukamuuliza afya yake. Wakaguzi wengi humaliza kazi yao kwenye rafu. Kabla ya mengine yote, basi, hilo la kikohozi lisingojee ripoti wala uamuzi wako wa kazi. Kama hujapata uhakika kwamba amekwenda hospitali, tafuta njia ya heshima ya kumfikishia ujumbe kwamba aende, na amweleze daktari ni kemikali gani anazozishika. Vilevile asidi ile, madhali bado iko chumba kimoja na klorini, inahitaji simu ya leo kwa meneja, na baada ya simu barua fupi yenye tarehe. Hayo hayahitaji hitimisho la mtu yeyote.

Sasa nikuambie nilivyokuelewa. Umebeba mambo mawili ambayo yamesokotwa pamoja kama kamba, na unayavuta kwa mkono mmoja. Moja ni ripoti ambayo mkurugenzi anataka uigeuze. La pili ni kazi ya maisha yako: uendelee katika tathmini ya hatari za kemikali, usome toksikolojia, au urudi kwenye vipimo vya maabara karibu na mama. La kwanza ni la wiki chache. La pili ni la miaka 25 au zaidi. Ninachokiogopa ni kwamba lile la wiki chache litakuamulia lile la miaka mingi, na wewe mwenyewe umelihisi hilo, ndiyo maana umeuliza kama utakuwa umejificha.

Nianze na mjomba, kwa sababu maneno yake yamekuuma zaidi ya unavyokiri. Mjomba aliyekulipia karo ana haki ya kuuliza fedha zake zimezaa nini, na koti jeupe ni kitu anachoweza kukiona. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kingine. Huenda ungemsimulia habari za Frances Oldham Kelsey, mwanamke aliyeajiriwa mwaka 1960 na mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa. Kazi yake ilikuwa kusoma majalada. Jalada moja lilikuwa la thalidomidi, dawa ya usingizi iliyokuwa ikiuzwa Ulaya na kupewa hata wajawazito wenye kichefuchefu. Kelsey aliona ushahidi wa usalama wake hautoshi, akaomba zaidi, kampuni ikamsukuma na kulalamika kwa wakubwa wake, naye akaendelea kuomba. Mwishoni mwa 1961 ikadhihirika Ulaya kwamba dawa ile iliharibu viungo vya watoto tumboni. Walioathirika duniani walikuwa maelfu, na Marekani walikuwa wachache sana. Hakushika bureti katika jambo lile. Alisoma karatasi, akakataa kuweka saini kwenye kitu ambacho hakikuthibitishwa.

Wala mjomba hahitaji kwenda Marekani kwa mfano. Hapa Pwani sote tunakumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukutani kwa nyumba za watu, na risasi, yaani madini yale ya betri, ikaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo baada ya kutenguliwa katika rufaa. Fidia haikuitoa risasi mwilini mwa mtoto hata mmoja. Na upande wetu wa kaskazini, Juni 2019, leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, kwa kasoro zilizokuwa ndani ya tathmini yenyewe na kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Karatasi iliyoandikwa vibaya iliangusha mradi wa megawati 1,050. Mtu akiita kazi hiyo ukarani, mimi siwezi kumkubalia, na sidhani mjomba wako angeiita hivyo kama angekuwa ameliona lile dumu linalovuja. Je, umewahi kumweleza? Sisemi ubishane naye mbele ya watu siku ya Idi. Nasema umkalishe barazani siku ya kawaida, umsimulie stoo ile kama ulivyonisimulia mimi, bila istilahi.

Lakini huenda mjomba akasikia na bado akashikilia lake. Je, utaweza kuishi na hilo? Nauliza kwa sababu kuchagua kazi ili kumnyamazisha mzee ni jambo ambalo nimewaona watu wakilijutia, na kuikataa kazi nzuri ili kumthibitishia kwamba amekosea ni jambo hilo hilo kwa upande wa pili.

Sasa kuhusu ripoti. Naona umelichukulia ombi la mkurugenzi kuwa ni kuombwa uongo. Huenda ni hivyo. Ila naomba tulitazame kwa karibu zaidi, kwa sababu "inakubalika kwa masharti" ni hitimisho halali katika fani yenu, na uhalali wake hutegemea masharti yenyewe ni yapi. Unaijua ngazi ya kudhibiti hatari kuliko mimi: kwanza ondoa kemikali yenyewe, ikishindikana ibadilishe, kisha itenge kwa ukuta na hewa, kisha panga utaratibu wa kazi na mafunzo, na barakoa na glovu ziwe za mwisho, kwa kuwa barakoa humlinda mtu aliyeivaa sawasawa, tena kwa muda tu. Masharti aliyopendekeza mkurugenzi yameanzia chini kabisa ya ngazi na kuishia hapo. Ningekuwa wewe, ningejiuliza kama kuna masharti mengine ambayo moyo wako ungeyaafiki. Kwa mfano, asidi ihame chumba hicho kabla ripoti haijasainiwa, si baada yake. Klorini ya vidonge iondolewe kabisa, hoteli ibaki na aina moja, na hatari moja ifutike bila ya matofali hata moja. Mbao za dirishani zitoke wiki hii, wavu wa tumbili uwekwe. Kisha stoo ya pili ijengwe wakati wa kusi, mwezi wa Mei au Juni, ambapo wageni wamekwenda zao na mahoteli mengi hufunga kwa ukarabati, na tarehe hiyo iandikwe, pamoja na jina la atakayewajibika na siku utakayorudi kuhakikisha.

Njia hiyo ina hatari zake, na sitaki kukuficha. Masharti yasiyo na tarehe hugeuka pambo. Hoteli inaweza kusoma neno "inakubalika", ikaliweka kwenye fremu ofisini, na isisome kilichofuata. Na kuna jambo ambalo halina masharti: asidi na klorini katika chumba kimoja kisicho na hewa hazikubaliki hata usiku mmoja, na hapo ukilegeza utakuwa umelegeza penyewe. Klorini ni gesi iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Chumba cha nyuma ya jiko ni kidogo kuliko uwanja wa vita, na kijana mmoja ni mmoja.

Ukishikilia "haikubaliki", nako kuna gharama. Huenda kampuni ikamtafuta mwingine, kama ulivyosema. Hata hivyo usidharau ripoti iliyobaki kwenye faili ikiwa na tarehe na maelezo yako: atakayeisaini ya pili atalazimika kueleza, siku atakayoulizwa, kwa nini hakuona ulichokiona. Unaweza pia kuomba mtaalamu wa pili aikague stoo ile pamoja nawe, kwa maandishi na kwa adabu, ili tofauti yako na mkurugenzi ibaki kuwa tofauti ya kitaalamu na isigeuke kuwa ugomvi wa watu wawili. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imemkataza mwajiri kumfukuza au kumbagua mfanyakazi kwa kosa la kulalamikia jambo lisilo salama. Inamhusu kijana wa bwawa, na kwa mwajiri wako inakuhusu wewe. Lakini nami ni mtu wa Pwani. Najua mwambao huu ni mdogo, mahoteli yanajuana, na sheria haimtafutii mtu mteja mwingine. Ukiamua kusimama hapo, simama ukiwa umejua hivyo, na uwe na akiba ya miezi michache.

Umeuliza kama kijana akidhurika utakuwa umemdhuru wewe. Mwanangu, mzigo huo umejitwika wote, na sehemu yake si yako. Mwenye hoteli ndiye mwajiri wake, na sheria imemwekea wajibu wa kumpa mahali salama pa kazi. Aliyeuza kemikali ana wajibu wa kibandiko na karatasi zake. Mkaguzi wa serikali ana wake. Wako wewe ni kusema kwa ukweli ulichokiona na unachokitarajia, kwa lugha ambayo mwenye hoteli hawezi kujifanya hakuielewa. Sehemu hiyo ni nzito, na hakuna anayeweza kukubebea. Ila ina mpaka, na nadhani usingizi wako umepotelea hapo mpakani.

Kuna dhana nyingine ningependa uichunguze, nayo ni ile ya namba isiyo na ugomvi. Miaka niliyofundisha kemia niliwapenda wanafunzi walioipenda bureti kama wewe, kwa hiyo naielewa hamu yako. Lakini hebu fikiria maabara hiyo ya maji. Umepima kisima cha nyumba za kupangisha, ukapata nitrati zaidi ya miligramu 50 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mwenye nyumba atakuja mlangoni, atasema watu wamekunywa maji yale tangu enzi ya babu yake, na atauliza kama kipimo hakiwezi kurudiwa. Hilo umelisikia tayari kwa meneja wa hoteli. Tena, kikomo chenyewe cha miligramu 50 kilitoka wapi? Kilitokana na watu wa fani unayotaka kuiacha, waliojiuliza ni kiasi gani cha nitrati kinachoifanya damu ya mtoto mchanga anayelishwa kwa chupa ishindwe kubeba oksijeni. Mkurugenzi wako naye, kwa maoni yangu, amekosea kusema maabara ni ndiyo au hapana. Mtu aliyerudia kipimo mara tatu na kupata namba tatu zinazokaribiana anaujua wasiwasi wa kipimo kuliko mtu mwingine yeyote ofisini humo. Katika toksikolojia, kiwango ambacho hakikuonyesha madhara kwa wanyama hugawanywa kwa 10 kwa sababu binadamu si panya, kisha kwa 10 tena kwa sababu binadamu hatufanani, na hapo ndipo hupatikana kiwango kinachoaminika kuwa salama. Huo ni unyenyekevu uliowekwa kwenye hesabu, na nahisi ungeufaa.

Sisemi hivyo ili nikuvute ubaki. Maabara ina mambo yake ambayo siyadharau hata kidogo: kulala kwako, kumwona mama asubuhi, kazi ya kudumu katika wakati ambapo kazi za kudumu zimeadimika, na maji safi kwa watu wa kwenu. Hatari yake ni kwamba utaalamu wa tathmini, usipoutumia, huchakaa, na nafasi ya uzamili huenda isirudi kwa sura hii. Kubaki kuna masomo uliyoyatamani, lakini usome kwa makini mkataba wa ufadhili: mara nyingi kampuni inayokulipia masomo hukufunga kuitumikia kwa miaka kadhaa, au urudishe fedha. Mtu aliyefungwa hivyo, ripoti ya pili ya namna hii ikija, atapata ugumu zaidi kusema hapana. Hilo ndilo ningelitazama kuliko mshahara. Na milango si miwili tu. Bodi inayosimamia viuatilifu, mamlaka ya mazingira, na kurugenzi ya usalama kazini zote huhitaji watu wenye kemia na uzoefu wa kuingia stoo kama ile, ingawa nafasi zake hazitangazwi kila siku na nyingi ziko Nairobi, mbali zaidi na mama.

Kuhusu mama, nitasema kidogo, kwa sababu wewe ndiye unayemjua. Kisukari kinataka mtu wa kuangalia chakula, dawa na miguu kila siku. Je, mdogo wako akimaliza shule ataondoka? Mama anaposema rudi, anasema kwa sababu anakuhitaji, au kwa sababu amekuona ukikonda? Muulize wewe, peke yenu, mjomba asiwepo.

Jambo moja la mpangilio ningependa ulipime. Je, kuna uwezekano wa kuimaliza ripoti, kwa njia yoyote utakayoichagua, kabla ya kuijibu maabara? Ukiondoka huku karatasi ile ikiwa mezani haijasainiwa, huenda swali lako la kujificha likakufuata huko. Ukiimaliza kwanza, basi ukaenda, utakuwa umekwenda. Na ukabaki, utakuwa umebaki. Inawezekana pia ukawaomba maabara wakuongezee wiki mbili. Wakikataa, nayo ni habari kuhusu wao.

Ukienda kuonana nao, waulize ni nani anayesaini matokeo, na matokeo yanayomkera mtu mkubwa hupitia kwa nani kabla ya kutolewa. Kisha rudi kwa mkurugenzi wako umuulize swali hilo hilo kuhusu ripoti zenu, na umuulize kama angekuwa tayari kuweka saini yake kando ya yako. Niandikie majibu ya pande zote mbili, kwa maneno yao wenyewe, nasi tutaanza hapo kuzungumza juu ya mshahara, masomo na mama.